Makanika Aliyeanguka Alfajiri

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, pembe zimeliwa, na kwenye jalada helikopta inawaka moto. Kililetwa kwenye kibanda cha baba cha kushonea, mtaani Buyenzi, na mwalimu mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord aliyekuja kupunguziwa suruali, maana vita vilikuwa vimemkondesha kama vilivyotukondesha sote. Alikiweka juu ya meza ya kukatia akasema, "Ni upuuzi mtupu. Nimekisoma mara mbili."

Mji mzima ulikuwa unakisoma. Wateja wetu wa Kiriri walikisifu kana kwamba wamekiandika wao. Wa Kinanira walikiponda: vita tunavyo mlangoni, ya nini kutafuta vingine vya karatasi? Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule imefungwa, na Kifaransa changu kinaniwasha mdomoni kwa kukosa kazi. Basi kila siku baada ya sala ya alasiri nikawa nawasomea watu wa kibandani, nakigeuza kwa Kiswahili papo hapo, mpaka saa ya kila mtu kukimbilia kwake kabla ya kuvrefe, saa ambayo jeshi lilikataza mtu kuonekana nje.

Wasikilizaji wangu walikuwa watatu: baba kwenye cherehani, mama kwenye pasi ya makaa, na mama mmoja mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akiuza vitenge kwenye kibaraza chetu. Hadithi ilikuwa ya komando na watu wake sita waliokwama katika nchi ya adui, wanatafuta njia ya kurudi kwao. Mama wa Uvira alimpenda komando siku ile ile ya kwanza.

"Uyu mwanaume, mi ningemupikia bugali na ndagala kila siku," alisema. "Wangu alikimbia mbele yangu, akaniachia watoto na masufuria."

Baba hakudanganyika. Alikichukia kitabu kwa sababu za kifundi. "Uongo," alisema bila kuinua macho. "Siku kumi mutu anatambaa mu miiba, na hakuna hata kifungo moja yenye kutoka? Nani alishona ile nguo? Mumulete hapa nimupe kazi."

Mama aliendelea kupiga pasi mpaka nilipofika pale anapotokea kijana wa kutengeneza magari, mdogo kuliko wote, ambaye risasi zinalia juu ya kichwa chake naye yuko chini ya lori anaisemesha injini. Nilitafsiri: makanika. Mama akaiweka pasi juu ya kigae chake, akakaa.

Kaka yangu alikuwa makanika. Miezi minane kabla ya hapo jeshi lilikuwa limemchukua kwenda kutengeneza malori huko juu milimani. Mara mbili alituletea salamu kupitia dereva mmoja, kisha kimya. Baba alikuwa hamtaji. Mtu akimuuliza habari za mwanawe, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, hata kama hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

Tangu siku ile mama hakujali tena habari za komando. Kabla sijafungua ukurasa alikuwa ananiuliza, "Makanika iko wapi leo?" Nami nikawa namwongezea kijana yule maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Nikamfanya apige mluzi akifanya kazi, kwa sababu kaka yangu alikuwa akipiga mluzi. Sioni haya kulisema.

Kisha tukafika mahali palipoandikwa kwamba makanika *est tombé à l'aube*. Nilijua maana yake. Kwa Kifaransa cha vita, askari akianguka amekufa. Ni adabu yao ya kutotaja kifo. Nikamtazama mama, mikono yake juu ya magoti, na nikalitafsiri neno kama lilivyo, silizidishi wala silipunguzi: makanika akaanguka alfajiri. Mwoga ni mwoga hata akiwa mkalimani.

"Alijikwaa?" mama akauliza.

"Ku vita mutu akianguka, ameisha, mama," mama wa Uvira akasema kwa upole.

"Apana. Mutu akikufa, wanasema amekufa. Hapa wamesema ameanguka. Mwenye kuanguka anaamuka."

Ubishi ule ulichukua siku tatu. Wanawake waliokuja kununua vitenge waliulizwa maoni yao kabla ya kuulizwa rangi wanayotaka. Wengine walisema kafa, wengine wakaapa kwamba kateguka mguu tu, atawakuta wenzake mbele. Mimi niliendelea kusoma, na jina la makanika halikutajwa tena popote, lakini mama alikuwa na jibu: anakuja polepole, mguu unamuuma. Baba alisema yote ni uongo, aliyekufa na aliyepona. Ila nilikuwa nimegundua kwamba kila ubishi ulipoanza, mguu wake ulikuwa unatulia juu ya kanyagio.

Siku ya nne mwalimu alikuja kuchukua suruali yake. Mama wa Uvira akamrukia hata hajasalimia. "Musiye, we umesoma. *Tomber* ni nini?"

Mwalimu akakohoa kidogo, akainua kidole kama yuko darasani. Alikuwa anasubiri mtu amuulize kitu tangu shule zifungwe, maskini. "*Tomber*," akaanza, "katika lugha ya jeshi..."

"Musiye," baba akamkata, "suruali iko tayari. Ingia ujaribu."

Baba yangu hakuwahi kumharakisha mteja maishani mwake. Alimshika mwalimu mkono, akamwingiza nyuma ya pazia, naye mwenyewe akaingia. Mimi nilikuwa upande wa pili naokota vipande vya kitambaa, na nikamsikia baba akimnong'oneza: "Nakuomba, musiye. Muke wangu asisikie."

Mwalimu alipotoka alisema kwamba lile neno lina maana nyingi sana. Mama wa Uvira akasonya. Suruali ilikuwa imemkaa vizuri.

Jioni hiyo mama aliniita tukachote makaa uani. Alijaza ndoo, akapangusa mikono, akasema bila kunitazama, "Ule makanika amekufa. Mi najua toka siku ya kwanza. Lakini baba yako anasikilizaka, hata kama anajifanya. Usimwambie."

Nilikasirika, nakiri. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja, na kila mmoja ananifanya mimi kufuli la mwenzake. Nilirudi ndani nikanuna mpaka wakati wa kula. Leo nikikumbuka, sijawahi kuona watu waliopendana kama wale wawili, na ninawalilia kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Mwezi haukuisha. Nilikuwa sokoni nanunua uzi mweusi wa baba nilipomwona yule dereva wa salamu. Aliniona kwanza, akataka kunikwepa, kisha akaja. Akavua kofia. Akasema kwa Kirundi, "Musaza wawe yaraguye." Kaka yako alianguka.

Na mimi, mjuzi wa Kifaransa, niliyewacheka wateja wa vitenge kwa moyo wangu wote, nikamuuliza: "Akaamka?"

Dereva akatikisa kichwa.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka kwamba njiani nilikuwa nachagua maneno. Nilikuwa nayo mengi, lugha tatu nzima, na kila moja ilikuwa na pazia la kujifichia. Nikafika kibandani, nikasimama kati ya cherehani na meza ya pasi ili wanione wote wawili kwa pamoja.

"Baba, mama," nikasema. "Kaka amekufa."

Mguu wa baba ulisimama. "Innalillahi," akasema. Mama wa Uvira alikuwa tayari anakusanya vitenge vyake ili kuwafungulia njia watu watakaokuja msibani. Mama alikuja, akanishika mabega, akanitazama usoni kama mtu anayemtafuta mtoto aliyepotea.

"Umebeba hii maneno peke yako toka wapi?"

"Toka sokoni, mama."

"Sokoni kote kule?" akasema. "Basi tua, mutoto wangu. Tua."