Mpaka Uliopigiwa Kura

Nilifundisha uraia Rumonge, mji wa kando ya ziwa, miaka mingi, tena kwa mbwembwe: mkono wa tajiri na wa maskini uzito wake mmoja. Bado naamini hivyo, ila siku hizi naamini roho juu.

Mama yangu, mjane, alikuwa na michikichi Kigwena, na mawese yake ndiyo yaliyomlisha. Jirani yake, mtu mwenye ndugu tele, akadai mistari miwili ya michikichi ile ni yake. Zamani kesi hiyo ingeamuliwa na mushingantahe, mzee aliyetawazwa baada ya kuchunguzwa miaka mingi kama anasema kweli. Mimi wazee wale sikuwapenda. Walijiona, na mwanamke akizungumza walitazama ziwa. Baraza la kuchaguliwa liliposhika kazi yao, nilishangilia.

Siku ya kesi nusu ya watu wa kilima chetu walikuja pale shambani. Alikuja pia mzee wa mwisho kati ya wale waamuzi, akaelekeza fimbo chini, ng'ambo ya ile mistari miwili, upande wa jirani.

“Chimbeni hapa. Tulizika makaa na vigae chini ya mupaka. Makaa haiozi.”

Mwenyekiti wa baraza, aliyewahi kukaa darasani kwangu, alitabasamu kwa adabu.

“Murakoze, asante sana, muzee. Lakini sasa iko demokrasi. Uko na mukono moja kama sisi wote. Watu ndio watasema mupaka iko wapi.”

Maneno yale nilimfundisha mimi. Mpaka ulikuwa ardhini, si vichwani mwetu, na jembe lingemaliza ubishi kabla jua halijapanda. Nilitaka kupiga kelele kwamba kuna mambo hayapigiwi kura. Niliogopa. Nusu ya umati ule walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu, nikajidanganya kwamba mwalimu hapaswi kuegemea upande.

“Wenye kukubali pale muzee anaonyesha, wanyooshe mukono!” mwenyekiti akatangaza.

Mzee akanyoosha. Mama akanyoosha, akageuka kunitafuta kwenye umati. Alinikuta nimesimama kama ninavyosimama darasani, mikono nimeifunga nyuma ya mgongo.

Aliushusha mkono wake kabla mwenyekiti hajaanza kuhesabu.