Shavu Lisiloguswa

Bucha aliirithi kwa baba yake, pamoja na gogo la kukatia, ndoano za kutundikia nyama na ulimi usioogopa mtu. Wateja walimwita Shoka. Wenzake walikata mifupa kwa msumeno, yeye alinyanyua shoka mara moja, likashuka mara moja, na paja la ng'ombe likalala vipande viwili. "Mimi sisugui mfupa," alikuwa akisema, "mfupa siyo sufuria." Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa kuongea taratibu, na watani walisema nyumba ile mwanamume ndiye wa sindano na mwanamke ndiye wa kisu. Wenyewe walicheka. Walipendana, na kila mtu aliliona hilo.

Maumivu yalimwanza asubuhi moja akinawa uso. Maji yaligusa shavu la kushoto na kitu kikampiga. Kilianzia ubavuni mwa pua kikapasua mpaka kwenye taya, kama mtu amechomeka msumari wa moto ndani ya fizi kisha akauvuta kwa pande zote mbili. Alipokuja kujitambua alikuwa amepiga magoti, beseni limepinduka, maji yanatiririka kuelekea mlangoni. Na tayari hakuna kitu. Shavu limetulia kama halijawahi kumfanyia ubaya wowote.

Akasema ni jino.

Kikarudi. Alipotafuna, kikampiga. Alipopiga mswaki, kikampiga. Feni ya bucha ilipogeuza shingo kumwelekea, kikampiga, naye akaing'oa ukutani kwa mikono miwili, waya na vyote. Mumewe alimbusu siku moja akitoka kazini, akapigwa kikumbo kilichompeleka mpaka kwenye kabati la vyombo. Ikabidi mtu aishi na uso wake kama anayeishi na mbwa mkali asiye na mnyororo. Aliacha kunawa upande ule. Aliacha kutafuna, akawa anameza uji. Mwisho akaacha kuongea, na hapo ndipo mtaa ulipojua kuna jambo, kwa sababu Shoka kunyamaza ni sawa na jogoo kutaga.

Daktari wa meno alimlaza kwenye kiti, akagonga jino moja kwa chuma, Shoka akaruka.

"Hili hapa," daktari akasema.

"Dokta, siyo jino. Hata upepo ukinigusa shavuni naumia. Jino linajuaje upepo?"

"Mama, aliyesomea meno ni mimi."

Likang'olewa. Lilikuwa jino zima, lenye mizizi mirefu, na halikutaka kutoka. Daktari alilitikisa, akalipinda, akaegemeza kiwiko kifuani kwa mgonjwa ili apate nguvu, na taya zima likalia kama mlango unaovunjwa. Shoka alitoka na pamba mdomoni. Hajafika nyumbani, kikampiga akiwa katikati ya barabara, na pikipiki ikamkwepa kwa kusugua kiatu. Alirudi kwa daktari yule, likang'olewa la jirani yake. Alirudi tena, likang'olewa la tatu. Damu aliyotema siku zile, alisema, hata bucha ilikuwa haijaiona.

Madaktari wengine hawakung'oa kitu, ila kila mmoja alimpa lake. Wa kwanza alisema ni mawazo mengi, akafanye mazoezi. Wa pili alitazama picha ya kichwa akiwa ameiinua juu kwenye mwanga, akasema safi, nenda nyumbani, wala hakumtazama yeye. Wa tatu alimgeukia mume. "Huyu mkeo, mnaishi vizuri? Kuna wanawake huumwa ili waangaliwe." Fundi cherehani, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alisimama akamwambia, "Daktari, huyu akitaka kuangaliwa hupiga meza." Wakaondoka.

Miezi ilivyozidi, naye akaanza kurudisha mapigo. Kwa kuwa aliyempiga hakuwa na uso, alipiga chochote kilichokuwa karibu. Alijigonga shavu la kulia ukutani ili maumivu mapya yafunike ya zamani, mpaka ukuta wa chumbani ukawa na doa. Mteja mmoja wa siku nyingi, mpenda mizaha, aliponyoosha mkono juu ya kaunta na kumgonga shavuni kwa kidole akisema, "Cheka basi, Shoka," shoka lilitua kwenye mbao katikati ya vidole vyake. Vidole vilibaki vyote. Mteja hakubaki. Wala hakuondoka peke yake, maana habari ya namna ile haisubiri kuulizwa.

Kisha ikaja siku ambayo mumewe alimkuta nyuma ya bucha, mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, ameshika kisu cha kutolea mifupa. Ncha ilikuwa imeshaingia ngozini, chini ya jicho.

"Nimeshaona kinapokaa," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mteja nyama ipi ni laini. "Nakitoa."

Fundi hakubembeleza. Alikishika kisu kwa upande wa makali. Mkewe akavuta, yeye hakuachia, wakavutana hivyo bila neno mpaka damu ya kiganja ikafanya mpini uteleze na kisu kikaanguka. Kiganja cha kulia, cha kushikia mkasi. Walikaa chini sakafuni, penye maji ya kuoshea na vipande vya mafuta, kila mmoja ameshikilia pake.

Ndipo fundi akamwita mama yake.

Mama mkwe alikuja na fimbo yake na mdomo wake, ambao haukuzidiwa na wa Shoka. Kwa miaka yote walikuwa wamepigana kwa maneno na kuheshimiana. Binti yake, wifi wa Shoka, alikuwa ameshamjaza kwamba mwanamke huyu amechanganyikiwa na atakuja kumuua kaka. Bibi alisema ataona mwenyewe. Aliingia, akamkuta mkwewe amekaa ukingoni mwa kitanda, amekonda, machozi yanateremka upande mmoja tu, ule wa kushoto ambao hakuthubutu kuufuta.

"Mwanangu," bibi akasema, "umekuwaje?" Na kama mama yeyote, akanyoosha mkono akamfuta shavu.

Ngumi ilimpata kifuani. Alirudi kinyumenyume mpaka kizingitini, akaangukia mkono, na wote nyumbani wakasikia mfupa ukikatika. Shoka aliujua mlio ule kuliko mtu yeyote. Alijitupa chini pembeni ya bibi akipiga kelele, na kelele yenyewe ikamfungulia shavu, akawa anagaragara hapo huku wifi akimpiga mgongoni kwa fimbo ya mama yake, akimwita muuaji, na fundi katikati na mkono wake wenye bandeji hajui amshike yupi.

Hospitalini bibi alilazwa kitandani. Daktari wa zamu alikuwa mama mfupi, mikono ya koti imekunjwa, unga wa plasta umemganda kwenye nyusi.

"Umeanguka vipi, bibi?"

"Sikuanguka. Mkwe wangu amenipiga."

Daktari akamwonyesha askari wa mlangoni kwa kidevu, na askari akamsogelea Shoka, aliyekuwa amesimama kwenye kona, mkono umeinuliwa karibu na shavu bila kuligusa, kama anayekinga mshumaa.

"Mwache kwanza," bibi akasema. "Daktari, nisikilize. Marehemu mume wangu alinipiga nusu ya maisha yangu. Uso wa mtu anayekupiga naujua, hata gizani naujua. Huyu sikuuona kwake. Aliponipiga mimi, yeye mwenyewe alikuwa anapigwa."

Daktari aliuachia taratibu ule mkono uliovunjika aliokuwa akiupima, akauweka juu ya mto. "Anapigwa na nani?"

Mlango wa wodi ulifunguliwa, upepo ukaingia, na Shoka akapinda kiuno kama mtu aliyechomwa mkuki. Hakulia. Mdomo ulibaki wazi, jicho la kushoto likajifunga lenyewe, upande mzima wa uso ukarukaruka. Askari akarudi nyuma. Wifi akasema, "Ndiyo hayo maigizo yake."

"Funga mlango," daktari akasema. "Zima feni. Wewe mwenye maigizo, kaa nje." Kisha akachuchumaa sakafuni mbele ya Shoka, mbali kidogo, mikono ameiweka magotini pake ambapo mgonjwa angeiona. "Usiongee. Najua kuongea kunakiamsha. Mimi nitauliza, wewe inua kidole kama ni ndiyo."

Shoka alimkodolea macho. Alikuwa ameambiwa mengi na watu wa makoti meupe, lakini hakuna aliyewahi kumwambia asiongee.

"Kinakuja kama umeme, kinapiga, kinaondoka?"

Kidole.

"Upande huo tu, haujawahi kuhama? Maji, upepo, mswaki?"

Kidole, kidole.

"Wameshakung'oa meno." Hilo hakuliuliza. "Umempiga mtu mwingine kabla ya huyu?"

Kidole kikapanda polepole.

"Umeshawahi kutaka kufa ili kiishe?"

Fundi cherehani aligeukia ukuta. Kidole kilikuwa kimeinuka, na hakikuteremka.

Daktari hakumpa pole. Alisema, "Ugonjwa huu upo, una jina lake, na siyo wa meno. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka ndani ya kichwa kuja usoni. Mara nyingi mshipa wa damu huulalia huko ndani na kuusugua, basi ukiguswa kidogo huku nje, wenyewe unapiga kelele kama umekatwa. Picha ya kawaida haiuoni. Aliyekuambia huna kitu, hakujua pa kutazama. Nitakupa dawa, na nitakupeleka kwa wanaopiga picha inayoona. Dawa yenyewe watu wanaijua kama ya kifafa."

"Mimi sina kifafa!" Shoka akafoka, na mara akapigwa tena, akashika ukingo wa kitanda.

"Nimekuambia usiongee," daktari akasema, na bibi, mkono umevunjika, akaangua kicheko mpaka akajiumiza.

Wifi alitaka shauri lifike polisi. Bibi akamwambia, "Mkono wangu, na msamaha wangu. Wewe ulivunjwa wapi?" Likaishia hapo.

Dawa haikufanya muujiza. Mwanzoni ilimlevya, alitembea akishika kuta, akamuuzia mtu maini badala ya figo, akatapika. Alirudi hospitali kugomba. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akapunguza, kisha akapandisha kidogo kidogo. Asubuhi moja Shoka alijisahau akanawa uso wote. Alisimama na maji yanadondoka kidevuni, anasubiri. Hakikuja. Alichota tena, akajimwagia kichwani, akajimwagia kifuani, mpaka mumewe akatoka kuuliza nani anaoga na nguo.

Lakini maumivu yalipoondoka, nafasi yao haikukaa wazi. Hasira iliingia. Kila ulimi ulipopita kwenye lile pengo la meno matatu, ilipanda. Mwisho akavua aproni yenye damu, akaifunga bucha mchana kweupe, akaenda kwa daktari wa meno.

Msaidizi wa mapokezi alimwambia kuna foleni. Alimpita. Ndani, kwenye kiti kilekile, alikuwa amelala mwanamume ameshika shavu, na daktari yuko juu yake na koleo. Shoka hakuuliza. Alimshika mgonjwa ukosi wa shati, akamvuta kutoka kwenye kiti kama anavyoshusha nusu ng'ombe kwenye ndoano, sahani ya vyuma ikaruka, taa ikapinda.

"Kimbia!" alimwambia. "Huyu anang'oa meno mazima!"

"Langu limeoza!" mwanamume akalia kutoka sakafuni. "Limeoza, mama! Limetunga usaha!"

Akamtazama. Kweli, taya lilikuwa limevimba kama embe. Lakini koleo alikuwa ameshalinyakua mkononi mwa daktari, na daktari ameshabanwa kwenye sinki. Shoka akafungua mdomo wake, akauleta karibu na uso wa daktari, akalionyesha lile pengo kwa ncha ya koleo.

"Nilikuambia siyo jino. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Kwa nini uling'oa?"

Daktari akapapasa ukingo wa sinki nyuma yake. "Niliona unaumwa kweli. Na sikujua kitu kingine cha kukufanyia."

"Ungesema hujui!"

Alimpiga. Kofi moja, la mkono wa shoka, na miwani ikaenda kona ya chumba. Chini, mwanamume mwenye usaha akauliza, "Sasa mimi ning'olewe au nirudi kesho?"

Shoka akaweka koleo juu ya kaunta. "Mng'oe," alisema. "Mchome ganzi ya kutosha."

Daktari wa meno hakumshitaki. Watu walisema ni aibu, wengine woga. Yeye mwenyewe hakueleza. Ila baada ya hapo mgonjwa akimwambia shavu linauma hata kwa upepo, anaweka koleo chini na kumpeleka kwa yule mama mfupi wa wodi ya dharura. Shoka akisikia hivyo husema heri, lakini salamu yake haijibu mpaka leo.

Mkono wa bibi uliunga vibaya kidogo. Hawezi kukamua nguo. Shoka ndiye anayemfulia. Majira ya baridi kitu kile hurudi, siku nyingine kwa nguvu zake za zamani, na siku hiyo bucha haifunguliwi na hakuna anayemuuliza neno. Picha ile nyingine iliuonyesha mshipa wa damu umelala juu ya ule wa fahamu, na yule daktari mfupi amemweleza kwamba upo upasuaji, nyuma ya sikio, wa kuitenganisha. Shoka alitaka kujua kila kitu: wanafungulia wapi fuvu, kwa chombo gani, nani anashika. Akaelezwa bila kufichwa, hata yale yanayoweza kuharibika. Mwisho akasema anaogopa, na mumewe anasema tangu amuoe hajawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Amekubali. Atapasuliwa baridi ikiisha.