Maua Yaliyopikwa Mlenda

Bibi yangu Kidawa alikuwa akifua nguo za mke wa Mdachi pale Chole, enzi boma la Wajerumani lilipokuwa bado kisiwani huko. Yule mama alipofunga mizigo kurudi kwao, alimpa mbegu bapa kama vifungo, akamweleza: mwaka wa kwanza majani, mwaka wa pili maua, marefu kupita mlango.

Kidawa akazipanda uani, akazimwagilia maji ya kisima aliyoyabeba mwenyewe kichwani. Yakaota majani mapana yenye vinyweleo, yamefanana na ya bamia. Maua hakuna. Babu yangu Shamte, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema nje ya nyumba yake. Ndani hakuchoka kuuliza kwa nini mahali pa muhogo pamekaliwa na magugu.

Ukatokea msiba Kiegeani, ng'ambo ya maji, Kidawa akavuka kwenda kuhani. Aliporudi, alimkuta wifi yake Arafa amepika chungu kizima cha mlenda, watu wanakula na kusifu.

"Mlenda wa wapi huu?"

"Si huo wa uani kwako, wifi. Ulikuwa unazeeka bure."

Kwetu jani likiteleza ni mboga, basi. Hilo naweza kulisamehe. Nisilolisamehe mpaka leo ni kwamba Kidawa alipopiga ukelele na kukibinua chungu, yeye ndiye aliyeitwa mbele ya wazee. Babu akamtaka amwombe radhi Arafa, na wote waliokosa kitoweo. Jamani! Aliyeharibiwa bustani ndiye aombe radhi?

"Siombi," alisema. "Niliyapanda niyatazame."

Bahati mizizi ilibaki. Akaizungushia wigo wa makuti, hasemi na mtu, na mvua ziliponyesha ikachipua. Mwaka wa pili mabua yakapita upenu wa nyumba, yamejaa maua mekundu toka chini hadi juu. Wanawake wa Chole wakaja kuyanusa. Walipoona hayanukii wakanung'unika kwamba hata kwa kikuba cha kujinukisha kifuani hayafai, lakini hakuna aliyeondoka.

Na nani alisimama mlangoni kuwapokea? Babu! Kanzu safi, kofia mpya, meno yote nje.

"Karibuni, karibuni. Tazameni maua yangu."

Kidawa akatoka ndani. "Maua ya nani, bwana?"

Babu akatazama chini.

"Ya Kidawa," akasema.

"Sema tena. Wa nyuma hawakusikia."