Makoti Yasiyo na Mikono

Kiwandani walimwita Mama Kola, maana tangu aajiriwe hakuwahi kushona kitu kingine. Yeye na wenzake walishona kiwiliwili cha koti na kola yake, kisha lori likavuka nalo mpaka, likaenda kutiwa mikono na mafundi wa nchi jirani. Soko lilikuwa la pamoja, na koti nalo la pamoja.

Ukaja mjadala wa kujitoa katika soko hilo. Redio ya ukutani haikuwa na jingine: hawa wanataka masharti yaafikiwe kwanza ndipo tutoke, wale wanataka tutoke kwanza, mazungumzo yatatufuata. Mumewe, fundi wa kupaka rangi, alikuwa wa hao wa pili.

"Baba watoto, na mikono ya makoti je?"

"Kwani wenzenu wana vidole sita? Mtatia wenyewe."

Kwenye mkutano wa kutoa maoni, Mama Kola alisimama akauliza swali lilelile. Mwenyekiti akatabasamu.

"Mama yangu, nchi nzima isubiri mkono wa koti?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mumewe naye alicheka, na hicho ndicho kicheko mkewe alichorudi nacho nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani.

Nchi ikatoka bila masharti. Lori likarudishwa mpakani na mzigo wake. Msimamizi akawaambia, "Tieni mikono wenyewe. Mnunuzi akikubali, kazi ipo. Akikataa, tunafunga."

Walijitahidi. Lakini kutia mkono wa koti si kubandika kiraka. Kitambaa cha begani hulegezwa kidogo kidogo, na waliojua kukilegeza walibaki ng'ambo. Hawa walikivuta kikanyooka, kama walivyozoea kuvuta kola. Kwenye sanamu ya kuvalishia nguo koti lilipendeza. Mtu akilivaa, mkono hauinuki.

Mnunuzi alijaribu moja tu. Kiwanda kikafungwa. Kila mshonaji akaondoka na koti moja, ndiyo kwaheri yenyewe.

Baridi ilipoingia, mumewe alilivaa kwenda kwenye mkutano wa kushangilia kujitoa. Alirudi mapema, akakaa kitandani bila kulivua.

"Walisema wanaofurahi wanyooshe mikono," akasema. "Nikashindwa. Wakanicheka."

Mama Kola hakucheka. "Lete niifumue mikono."

"Utaweza kuirudisha?"

"Siwezi."

Akachukua wembe, akaanza na bega la kulia.