Nyumba Iliyo Chini ya Sakafu

Waasi walipokaribia mji, ofisi yetu ya Birere ilifungwa na kila mtu akaambiwa afanyie kazi nyumbani. Sikubabaika. Mimi ndiye wa kwanza katika avenyu yetu kurudi na diploma ya kuchora majengo, tena niliilipia kwa kubeba saruji Kampala, bila mjomba wala padri wa kunisaidia. Nikafunga paneli ya jua kwenye paa, nikaanza kunakili kazi zangu kwenye diski mbili: moja ya kubaki, moja ya kukimbia nayo.

Nikitazama mafaili yakipita, hoteli, shule, majumba ya wakubwa, niliona moja haimo: nyumba yetu ya hapa mtaani Majengo, iliyofunikwa na lava ya volkano nikiwa mtoto. Picha zote ziliungua. Lava ilipoganda kuwa jiwe, tulijenga upya juu yake palepale, kwa hiyo nyumba ile iko hapa, chini ya sakafu. Baba ameshafariki, na kesho yake mama alikuwa anavuka mpaka kwenda kwa dada yangu. Akishaondoka, ningemuuliza nani?

Nikachora haraka, nikamwita mama aje atazame.

"Papa, hii ni ya nani?" Ndivyo mama anavyoniita mimi mwanawe.

"Ya kwetu, mama."

"Ya kwetu, na choo ndani? Umetuchorea ya guverneri!"

Nikafuta choo. Jiko likatoka nje, mlango ukageukia ziwa. Mkono wangu ni mwepesi, wateja wanajua. Tulikwama kwenye kiti cha baba. Mimi nilikiweka mlangoni, alipokuwa anasikiliza redio. Mama akatikisa kichwa.

"Kilikuwa pembeni ya kitanda chako. Ulikuwa unakohoa sana. Alikuwa anakala kwenye kiti pale usiku, ukishalala."

"Mbona sikumbuki?"

"Utakumbuka namna gani, na ulikuwa unalala?"

Nikahamisha kiti. Asubuhi nilimpa mama nakala kwenye flashi. Akaifunga kwenye ncha ya kitenge, kama anavyofunga pesa, akaenda.

Ofisi haijafunguliwa. Nililinganisha vipimo vya mchoro na kiwanja chetu, na sasa nafanyia kazi chumba cha nyuma, pale ambapo kwa hesabu yangu kile kiti kiko chini. Mtandao ni dhaifu huko. Wateja wanalalamika sauti yangu inakatika, wananiomba nihamie barazani. Nawaambia nitaona, kisha naendelea kukaa palepale.