Helmeti Yenye Mlango

Ieleweke kwa watumishi wote wa mifugo waliokabidhiwa pikipiki za serikali kwamba, kuanzia tarehe mosi Machi 1996, kila mmoja wao atavaa helmeti inayofunika kichwa na uso wote, kidevu kikiwemo, wakati wote awapo juu ya pikipiki, ili ajikinge na ajali, vumbi na baridi. Na kwamba atakayekaidi atanyang'anywa pikipiki hiyo.

Ndivyo waraka ulivyosema. Uliandikwa Nairobi, mahali penye baridi, ukafika Garissa mwezi wa Mei.

Bishar Warfa aliusoma, akautia sahihi, akapewa helmeti. Alikuwa mchanjaji wa ng'ombe, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mwenye nyumba ya mabati mtaa wa Galbet na mke aitwaye Saynab aliyemzidi akili, jambo ambalo wote wawili walilijua na hawakulijadili. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo ya homa ya mapafu kwenye visima vya njia ya Habaswein. Dawa ilisafiri ndani ya kasha la barafu, na barafu ya Garissa haina subira. Ikifika saa sita mchana, kilichobaki kwenye chupa ni maji ya kumdunga ng'ombe kwa kumwonea tu.

Helmeti ya ofisi ilikuwa nyeusi, yenye kioo cheusi. Kuivua kulitaka mikono miwili, na kabla ya hapo ilibidi miwani ya Bishar itolewe kwa kuchokolewa kama mwiba. Kwa Nairobi haya si neno. Lakini kisimani kwa mzee Gelle, mgeni hutanguliza uso na salamu, kisha huulizwa habari za mvua, za njia na za watu wake, ndipo aulizwe shida yake. Asiye na uso huulizwa nini? Miaka ile waliokuwa wakificha nyuso njiani hawakuwa wachanjaji. Kwa hiyo Bishar alipomaliza kujivua na kuitafuta miwani mfukoni, alikuta birika la kunyweshea mifugo, kamba, na vumbi la ng'ombe mia mbili walioingia vichakani pamoja na wenyewe. Barafu ikayeyuka akiwaita.

Wiki iliyofuata Gelle alituma ujumbe kwa dereva wa lori: Bishar aambiwe kwamba kuna mtu anaendesha pikipiki yake.

Mkubwa wa ofisi hakucheka. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kisima jirani. Alisema kama safari ijayo nayo itarudi na chupa zilizojaa, chanjo na pikipiki vitahamishiwa Lafey. Bishar akauliza kama angeweza kuvua helmeti akikaribia kisima. Akaonyeshwa maneno "wakati wote". Pale kwenye kizuizi cha barabarani, isitoshe, kulikuwa na askari aliyejua kuandika.

Ndipo alipokwenda sokoni kwa Muslimo, mama aliyeuza sufuria, tochi na chochote kilichovuka mpaka bila kuulizwa jina. Alikuwa na helmeti mbili. Moja ilikuwa nyekundu, nyepesi kama kibuyu, haifunguki. Ya pili ilikuwa nyeupe na nzito, nayo sehemu ya kidevu ilikuwa na kitufe chini yake: ukikibonyeza, uso mzima wa helmeti unafunuka na kupanda juu ya paji.

"Chukua nyekundu, walaal, ndugu yangu," Muslimo alimwambia. "Inakupendeza."

"Nyeupe ina nini?"

"Ina mlango. Ukitaka watu unafungua, ukiwachoka unafunga. Mimi ningekuwa nayo nyumbani kwangu."

Bishar hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliketi alasiri yote kuijaribu. Aliifunga na kuifungua kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili utakuwa kwenye usukani. Aliingiza miwani ikiwa wazi, akaifunga, miwani ikakaa. Alikunywa chai ndani yake. Alitoa salamu ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguliwa, ili Muslimo aseme ipi inasikika. Muslimo aliitikia mara tatu, akasema thawabu za leo zimemtosha, sasa anunue. Uzito wake uliivuta shingo, lakini pembeni ilimkaa kama iliyoshonwa kwa kichwa chake. Akainunua.

Asubuhi, baada ya sala, aliivaa akageuza kichwa kulia. Kichwa kikaenda, helmeti ikabaki ikitazama mbele. Alidhani Muslimo amembadilishia. Saynab alimtazama shavu la kushoto kwa muda.

"Jana ulipoijaribu ulikuwa unatafuna?"

Alikuwa anatafuna. Ilikuwa alasiri, na mwanamume wa Garissa alasiri huwa na fundo la miraa shavuni kubwa kama yai. Helmeti ilikuwa imemtosha yeye pamoja na miraa yake.

"Basi ama uanze kutafuna alfajiri," Saynab alisema, "ama ulete hapa."

Alikata kipande cha garbasari yake ya zamani, mtandio wa maua ya kijani, akakikunja na kukishona ndani upande wa kushoto. Bishar aliondoka saa kumi na mbili na nusu, shavu likiwa limeegemea maua.

Kisimani walimwona kutoka mbali, na wanawake wakaanza kuwageuza ng'ombe. Bishar alisimama hatua mia mbili kabla, akazima injini. Kwa maoni yake pikipiki iliyozimwa ni kiti. Akabonyeza kitufe, uso ukapanda, akatoa salamu kwa sauti ya mwadhini.

Gelle alikuja taratibu na fimbo yake mpaka akalifikia gurudumu la mbele.

"Funga," alisema.

Bishar akafunga.

"Fungua."

Akafungua. Gelle alimfanya arudie mara tatu, akiinama kila mara kuhakikisha ni mtu yuleyule anayetoka. Jua lilikuwa limeshapanda, na Bishar aliisikia barafu ikitikisika ndani ya kasha, nyepesi kuliko alfajiri.

"Ni yeye," Gelle aliwaambia wenzake hatimaye. "Ila siku hizi analala kwenye maua." Kisha akamgeukia. "Wa aleykum salaam, Bishar. Habari ya mvua huko?"

Habari ya mvua ilikuwa fupi, kwa kuwa haikuwepo. Ng'ombe wakarudishwa, wakashikwa mmoja mmoja, na ilipotimu saa tano na robo mia moja na tisini na sita walikuwa wamechanjwa, chupa zote tupu.

Katika taarifa ya mwaka, chini ya waraka ule wa helmeti, yaliandikwa majeraha ya kazini ya wilaya nzima. Lilikuwa moja: kidole gumba cha mguu cha Bishar Warfa, kilichokanyagwa na ng'ombe wa mia na kumi na mbili.