Tasi wa Hoteli ya Bi Hawa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kisarawe mtanisadiki, kula hotelini lilikuwa jambo la kusimuliwa mwaka mzima. Chakula kilikuwa cha nyumbani: ugali wa muhogo, kisamvu, kunde. Samaki akipatikana basi ni ng'onda, yule mkavu anayeletwa kutoka pwani ndani ya kapu, mgumu kama ubao. Kwetu Mzenga ng'onda mmoja alitutosha siku tatu. Ulimega tonge, ukamgusisha samaki, ukala. Ukinyofoa mnofu mkubwa, mama alikukata jicho. "Taratibu na huyo samaki," alikuwa akisema. "Kesho nako mna matumbo."

Mama akafariki, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule darasa la tatu, nikashika jembe. Mdogo wangu Shabani alikuwa na miaka tisa, Mwajuma mitano. Sheria ya ng'onda niliishika vilevile alivyoiacha mama.

Mwaka wa pili mvua zikatutupa. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akikaa Dar es Salaam, akatuma salamu: mleteni Mwajuma nimlee mimi, huyo dada yake naye bado mtoto. Wazee wa ukoo wakaafiki. Nami nikaafiki, maana muhogo shambani ulikuwa mwembamba kama kidole. Mwajuma sikumwambia. Nilimwambia tunakwenda kumsalimia Shangazi, naye akafurahi, akaoga mara mbili.

Tulipanda gari moshi alfajiri, sisi watatu. Shangazi alitupokea stesheni, akatupeleka moja kwa moja kwenye hoteli ya Bi Hawa, karibu na Feri. Msidhani hoteli kama za leo. Lilikuwa banda la makuti, mabenchi mawili, na karai la mafuta lililokuwa likichemka mlangoni, harufu yake ikikupokea kabla ya mwenye nyumba. Bi Hawa alikuwa mama mnene, kanga imefungwa kifuani, sauti inafika ng'ambo.

"Shikamoo," tukasema wote watatu.

"Marahaba, marahaba! Wageni wa Mzenga hawa? Kaeni, leo mtasahau kisamvu."

Akatuletea wali wa nazi na tasi wa kukaanga, mzima mzima, kila mtu na wake. Tukatazamana. Samaki mzima, wa mtu mmoja! Ndipo tukala kama tulivyofundishwa. Tonge la wali, kidole kwa samaki, mdomoni. Wali ukaisha, tasi bado wamelala na macho yao, wamechubuka ubavuni tu.

Bi Hawa alikuja akasimama, mikono kiunoni.

"Samaki wangu ana nini? Mbona mnamtekenya? Hang'ati huyo, keshakufa!"

Watu wa benchi la pili wakacheka. Shabani akainamisha kichwa. Mwajuma yeye hakuona haya. Alimkunja tasi wake kwenye pindo la kanga, akafunga fundo.

"Unafanya nini, mwanangu?" Shangazi akamwuliza.

"Wa kesho," akasema Mwajuma. "Dada atatugawia tukirudi."

Shangazi akanitazama, nami nikajua ananingoja niseme. Tulikubaliana kwamba nitamweleza Mwajuma baada ya kula kuwa yeye anabaki, kisha mimi na Shabani tuelekee stesheni. Nilifungua mdomo. Mwajuma alikuwa akijilamba vidole, kimoja kimoja, ametulia kabisa, kama mtu anayejua kesho atalala wapi.

"Shangazi," nikasema, "nisamehe. Narudi naye."

"Utamlisha nini?"

"Tutakachokula sisi."

"Wewe mwenyewe mtoto. Utawezaje kulea?"

"Nimeshaanza, Shangazi."

Bi Hawa alijifanya anageuza samaki kwenye karai, lakini sikio lilikuwa kwetu. Mwishowe Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaisukuma sahani yake mbele yangu.

"Basi kula ushibe kwanza," akasema. "Mlezi hafanyi kazi na njaa. Na umle huyo samaki, usimtekenye."

Nilimla mpaka miiba. Sijapata kula samaki mtamu kama yule, na nimekula wengi baadaye.

Maana siku hizi kula nje si habari tena. Mwajuma anakaa Tangini, ana wajukuu, nao hututoa Jumapili kwenda kula samaki ufukweni. Wanaletewa samaki wakubwa, wanawapiga picha pande zote kama maharusi, kisha wanasema hawana hamu. Nawacheka, nao wananicheka ninavyofyonza kichwa. Hapana ubaya. Sikumlea bibi yao ili wao waje kugusisha tonge.

Kinachonisikitisha ni kidogo tu. Wakimaliza kula, huyu anashika njia yake na yule yake, kila mmoja anaaga macho yako kwenye simu, na meza inabaki na miiba. Mimi hukaa nikiwatazama wakitawanyika, nikaikumbuka siku ile ya Feri, tulivyoketi watatu kwenye benchi la Bi Hawa, na tukanyanyuka watatu.